Kalamu Nyekundu na Geti la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu ametuita ofisini kwake asubuhi, mimi na Bi Mihuri. Masjala inapunguzwa. Itabaki meza moja tu, hii ya dirishani, yaani hii yangu! Atakayeikalia ataitwa Msimamizi wa Masjala. Mwingine atashushwa stoo ya kumbukumbu, chini kabisa, akapange mafaili ya tangu enzi. Stoo haina dirisha. Ina balbu moja inayowaka ikijisikia, na harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka zikalowa tena.

Nani abaki, nani ashuke? Mkuu anasema utaamua mtihani, Jumatatu ijayo. Mtihani wa kufikiri.

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi kufikiri ndiyo kazi yangu. Bi Mihuri kazi yake ni kugonga mihuri na kutafuna karanga. Miaka tisa tunatazamana uso kwa uso, sijamwona akifikiri hata siku moja. Anagonga tu. Ta, ta, ta.

Jioni nikapita kwa shemeji, kaka yake mke wangu, aliyewahi kufanya mitihani ya namna hii. Kanipa kitabu cha mazoezi. Kila swali lina kihoja kifupi, sentensi nne au tano, na sentensi moja imepigiwa mstari. Hawakuulizi kama ni ya kweli. Wanakuuliza inafanya kazi gani mle ndani. Ni hitimisho, lile jambo lenyewe mwandishi analotaka ukubali? Ni sababu ya kulishikilia? Ni maneno ya mpinzani, yameletwa ili yapingwe? Au ni usuli, habari ya kukupasha tu?

Rahisi kama kunywa maji. Nimejibu maswali kumi, nimepata mawili. Ukurasa wa majibu una makosa mengi ya uchapaji.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua mbinu! Rangi. Nyekundu kwa hitimisho, bluu kwa sababu, kijani kwa mpinzani, penseli kwa usuli. Nimezipanga kwenye mfuko wa shati. Bi Mihuri kauliza kama nimeajiriwa shule ya chekechea. Wivu huo.

Shemeji alisema nisijifungie kitabuni, nisikilize watu wanavyoongea. Nikaanzia nyumbani. Wakati wa chakula mke wangu kasema kwamba ni kweli nina akili, hilo yeye habishi, lakini kitasa cha mlango kimelegea wiki ya tatu sasa, na mimi ndiye niliyesema nitamwita fundi, kwa hiyo kesho nisitoke kabla sijampigia.

Nikaandika haraka kwenye gazeti. Nikapaka nyekundu: "Nina akili."

Kaniangalia sana. Kauliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia kwamba nina akili, na mengine yote ni maelezo ya ziada. Alicheka hadi akaweka kijiko chini. Akasema hoja yake ilikuwa kitasa. Hilo la akili kalitanguliza tu ili nisinune.

Nikamweleza kwa upole kwamba yeye ni fundi cherehani, mambo ya hoja ni taaluma ya watu wengine. Jambo kuu hutangulia. Ndiyo maana linatangulia!

Akasema haya. Akaenda kuegemeza kiti mlangoni ili mlango usifunguke.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Mambo mawili.

La kwanza, mtego. Bi Mihuri naye anasoma! Nimemkuta na karatasi za mazoezi chini ya kitabu cha barua zinazoingia. Hasomi kwa jasho, anasoma kama mtu anayeangalia orodha ya sokoni. Nimeumia. Nikasema ngoja, leo nitamchezea. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu zangu zote: SIRI ZA MTIHANI. Chini yake kanuni tatu za uongo mtupu.

Moja, hitimisho ni sentensi ndefu kuliko zote. Mbili, ukiona "lakini", ruka, mwandishi alikuwa anapumzika. Tatu, ukikwama, jibu ni "usuli", kwa kuwa watungaji hupenda mtu asiyejikweza.

Nimeicheka hiyo ya tatu hadi machozi. Nikaiacha kwenye mashine ya kunakilia, kana kwamba mtu kaisahau. Bi Mihuri hupita hapo kila siku saa nne. Aimeze nzima nzima!

La pili, Mkuu kaniona! Leo nimepaka rangi barua za kuingia kabla ya kuzipeleka kwake. Mkuu miwani yake imevunjika tangu wiki iliyopita, anasoma kwa kusogeza karatasi mbali mpaka mkono unaisha. Alipoona rangi, uso ukamng'aa. Kauliza nyekundu ni nini. Nikamwambia ndilo jambo lenyewe, Mheshimiwa, mengine ni mapambo. Akasema miaka yote alikuwa anasubiri mtu wa namna hii.

Barua iliyomvutia zaidi ni ya Mlinzi, mzee wetu wa geti la nyuma. Nainakili hapa kwa kumbukumbu, maana ni kazi yangu bora kuliko zote.

"Wapo wanaosema geti la nyuma lifungwe. Wanadai wageni huingilia huko bila kuandikishwa. Ni kweli wiki iliyopita waliingia wawili. Lakini wenye miguu mibovu hawawezi kuzunguka hadi geti kuu, na mimi nipo pale kutwa. Naomba daftari la pili la wageni."

Swali la kitabuni kabisa! Nyekundu: geti la nyuma lifungwe. Liko mwanzo, na ni amri, sasa utataka nini tena? Bluu: wageni huingilia huko. Kijani: wenye miguu mibovu, hao ndio wapinzani. Daftari la pili nimelipiga penseli. Daftari ni vifaa vya ofisi, hoja haiwezi kuwa daftari.

Mkuu kaandika juu yake: "Nimekubali. Litekelezwe." Akanishika bega. Bega langu la kushoto, halijapata heshima kama hiyo tangu nizaliwe.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimekuta watu wamejaa geti la nyuma. Kufuli! Kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakuna kutoka wala kuingia. Ili ufike kituo cha basi lazima uzunguke ukuta mzima hadi geti kuu, robo saa ya kutembea juani.

Kila mtu analalamika. Nami nikalalamika, tena kwa sauti. Nikasema hapa kuna mtu hana akili, haiwezekani mtu mzima aketi chini aamue kitu kama hiki. Wakanipigia makofi. Bi Mihuri hakupiga. Alinitazama tu huku anamenya karanga.

Saa tano Mlinzi kaja masjala, kofia mkononi. Kauliza ile barua yake ilisomwa na nani. Alikuwa ameomba daftari, kaletewa kufuli.

Hapo nikainuka mezani.

Nikafungua faili. Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Na kweli, kosa nikaliona wazi: Mlinzi hajui kuandika. Mtu mwenye hoja hawezi kuanza na maneno ya mahasimu wake! Nikamweleza hivyo kwa heshima zote, nikamwita baba, nikampa na kitabu aangalie mfano ukurasa wa ishirini na mbili. Kakataa kitabu. Akasema mwanangu, mimi nilianza na yao ili waone kwamba nimewasikia. Kisha akavaa kofia akaondoka.

Nyumbani sikusema kitu. Maana kuna jambo sijaliandika humu. Duka la ushonaji la mke wangu liko pale pale, hatua ishirini nje ya geti la nyuma. Wateja wake ni sisi, watu wa ofisini. Suruali za kupunguza, zipu, vifungo, sare za wahudumu.

Leo kapata mteja mmoja. Naye alikuwa anauliza njia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata kitu cha ajabu! Mungu hamtupi mja wake.

Mhudumu wa chai kaninong'oneza kwamba kuna karatasi inazunguka ofisini kwa siri, imechapwa vizuri kwa kompyuta, na aliye nayo amefaulu tayari. Alikuwa na nakala moja. Hakutaka kuitoa hivi hivi. Nimempa chakula changu chote cha mchana, na kijiko.

Nimeisoma chooni. Jamani! Huu ndio uchambuzi! Kanuni tatu tu, lakini kila moja imekwenda shule. Hitimisho ni sentensi ndefu kuliko zote. Sawa kabisa, jambo kubwa linahitaji nafasi! "Lakini" irukwe. Nilikuwa nahisi hivyo siku zote. Na ile ya tatu, kuhusu usuli na mtu asiyejikweza, imenigusa moyo. Aliyeandika haya ni mtu mwenye akili kali na utu ndani yake. Tungekutana tungeelewana.

Nimezikariri zote tatu. Nimetupilia mbali kanuni zangu za zamani. Na kitabu cha shemeji nimekirudisha, sina haja nacho.

Bi Mihuri masikini. Yeye bado anahangaika na ule uongo wangu wa Jumatano.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kajua.

Mlinzi kapita nyumbani kuulizia suruali yake, na maneno yakaanguka yenyewe. Mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi na mkasi mapajani, akasema kwamba siku tatu hizi amekaa dukani akihesabu vigae vya ukutani, na kwamba alijua hali itakuwa ngumu, ila hakujua ugumu unatoka kitandani kwake.

Nikataka kusema pole. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nikaona sentensi yake ya pili ni ndefu sana, nikaanza kuipima moyoni kama ndiyo yenyewe, na nilipomaliza kuipima alikuwa ameshaingia ndani.

Nimelala vibaya. Sipendi akininyamazia. Nikiwa Msimamizi yote yatakwisha, atanisamehe. Nitamwekea kiti chake dirishani, awe anakuja kutazama nje.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani! Maswali ishirini, dakika arobaini. Tumekaa chumba cha mikutano, mimi upande huu, Bi Mihuri ule. Katibu Muhtasi wa Mkuu ndiye msimamizi wa mtihani, na saa yake ya mkononi mezani.

Nimeenda kwa kasi ya ajabu. Nilikuwa na rula. Nikapima kila kihoja, sentensi ndefu kuliko zote nikaiita hitimisho, basi. Penye "lakini" niliruka. Penye utata niliandika "usuli". Penye utata palikuwa pengi, nadhani kumi na nne. Nimemaliza dakika kumi na moja. Katibu Muhtasi kauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha rula.

Bi Mihuri kakaa mpaka dakika ya mwisho. Kuna mahali alisoma swali, akafumba macho, akatikisa kichwa, akafuta, akaandika upya. Nilimhurumia, kwa kweli nilimhurumia. Miaka tisa si mchezo. Kule chini nitakuwa namtembelea.

Nikirudi nimezunguka ukuta wote kwa miguu. Nimepita mbele ya duka la mke wangu kwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa anashona, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nilitaka kuvuka. Sikuvuka.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo. Bi Mihuri kumi na tisa. Mimi matatu.

Matatu!

Na si hilo tu. Asubuhi Bi Mihuri kaingia kwa Mkuu na barua ya Mlinzi. Kamsomea yote kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia "wapo wanaosema" hadi "naomba daftari". Mkuu kashika kichwa. Kufikia saa tatu kufuli limetolewa, Mlinzi kapewa daftari jipya lenye jalada gumu, na watu wakapita pale wakicheka kama siku ya kufunga shule.

Nikamuuliza Bi Mihuri amefauluje. Kasema hana siri yoyote. Akisoma kitu hujiuliza: huyu anataka nini kwangu, na haya mengine anayasema kwa nini? Basi. Akasema ndivyo anavyozisoma barua miaka yote, kabla ya kuzigonga.

Nikamuuliza, nikijua jibu, kama aliwahi kuiona karatasi iliyoachwa kwenye mashine. Akasema aliiona, akaicheka, akamwachia Katibu Muhtasi. Katibu Muhtasi akadakia kwamba ni kweli, alidhani ni kichekesho, akaichapa vizuri ili watu wafurahi. Akasema ile ya asili bado anayo. Imeandikwa kwa rangi tatu na penseli.

Nimeelewa yote sasa. Kuna mtu kaniibia kalamu.

Barua yangu ya uamuzi imetoka mchana, sahihi ya Mkuu chini. "Ofisi inatambua kwamba unajituma kuliko mtumishi yeyote na kwamba kalamu zako zimeleta uchangamfu ambao haukuwapo hapo awali. Hata hivyo, hukufaulu. Utahamia stoo ya kumbukumbu kuanzia kesho." Nimepima kwa rula. Sentensi ya kwanza inazishinda nyingine zote mbili kwa pamoja! Nimeipaka nyekundu, nikaibandika ukutani. "Hata hivyo" ni ndugu yake "lakini", kwa hiyo nimeiruka.

Bi Mihuri kanisaidia kubeba boksi hadi chini. Kaniachia pakiti ya karanga juu ya rafu. Nikakaa peke yangu na ile balbu. Ikazima. Sitaficha, nililia kidogo, kwa sababu dirisha lile nililipenda.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili stoo. Nimekwisha zoea. Balbu ukiigonga na rula inawaka.

Mchana mhudumu wa chai kashuka na chombo changu cha chakula. Mke wangu kakileta mwenyewe hadi geti la nyuma. Siku tano hatujasemezana ila salamu. Nikafungua, juu ya kifuniko nikakuta karatasi iliyokunjwa, mwandiko wake ule wa kulalia. Moyo ukanidunda! Nikasema leo sifanyi haraka, leo naisoma kitaalamu. Naiweka yote hapa.

"Mume wangu. Geti ulilifunga wewe, na wateja wangu wawili, yule wa sare za wahudumu na yule wa suruali, wamehamia kwa fundi mwingine na sijui kama watarudi. Umeshuka stoo, watu watacheka wiki mbili watachoka. Lakini mimi sikuolewa na dirisha. Leo nafunga duka mapema. Rudi saa kumi."

Nimetoa rula. Sentensi ndefu kuliko zote ni ya geti na wateja, haina mpinzani. Nyekundu. Kumbe bado ana kinyongo! Ya watu kucheka ni sababu, bluu. Ya dirisha inaanza na "lakini", nimeiruka. Kufunga duka mapema ni habari ya biashara, penseli. Rudi saa kumi ni ratiba tu. Penseli.

Basi kama tatizo ni geti, nitamjibu kuhusu geti. Nimeketi tangu saa nane naandika utetezi wangu, kurasa sita, na mchoro wa ukuta wote na umbali kwa hatua. Nimeeleza kosa la Mlinzi, kosa la Mkuu, na kosa la miwani. Kazi safi! Saa kumi Bi Mihuri kachungulia kutoka juu ya ngazi, kauliza siendi nyumbani, mke wangu yuko geti la nyuma ananisubiri. Nikamwambia anisalimie, amwambie niko kwenye shughuli inayomhusu yeye mwenyewe.

Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo. Nimemaliza. Karatasi yake nayo nimeisahihisha, nampelekea pamoja na majibu, nadhani atafurahi kuona nimeitilia maanani. Nimempa nne kwa kumi. Pembeni nimeandika kwa nyekundu: "Jitihada nzuri, ila haieleweki unataka nini."